Kaimu wa Mtu

Kwenye simu yangu kuna picha ambayo mara kadhaa nimetaka kuifuta, kidole kikagoma. Nimechuchumaa juu ya mwamba, ufukweni mwa Georgian Bay huku Ontario, nachekelea kama mtu aliyeokota pochi. Pembeni yangu amesimama jamaa wa mawe: miguu miwili, kiwiliwili, mikono imenyooshwa kushoto na kulia, na jiwe la mviringo juu ndilo kichwa. Nilimjenga mwenyewe, kwa muda wa kama nusu saa hivi. Nikaituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na maneno, "Sasa mimi Mkanada kamili." Shangazi yangu wa Ifakara akawahi kujibu kabla ya wote: "Huo mzimu umeusimamisha wa nini?"

Shangazi tulimcheka. Lililonikalia vibaya ni swali la binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. Alilizunguka lile rundo mara mbili, akauliza, "Baba, huyu anasema nini?" Nikamwambia hasemi kitu, ni pambo tu. "Mwalimu amesema wanasema," akajibu, akaenda zake kurusha vijiwe majini.

Miaka tisa niko nchi hii. Nimewaona watu hao wa mawe kwenye fulana, kwenye sumaku za friji, kwenye vishikizo vya funguo pale madukani uwanja wa ndege, kwenye bustani za watu wenye nafasi, na kando ya barabara kuu kila palipo na mwamba. Sikuwahi kuuliza ni nani na wanataka nini. Kuuliza si ujinga, tunasema, halafu hatuulizi.

Jina ni inuksuk. Mara nyingi huandikwa inukshuk, lakini huko kaskazini ya mashariki wengi huandika hiyo ya kwanza. Wakiwa wawili ni inuksuuk, wakizidi wawili ni inuksuit, kwa sababu Inuktitut, lugha ya Wainuit, ina umoja, ina wingi, na katikati ina hesabu ya wawili. Ndani ya neno lenyewe kuna inuk, yaani mtu. Inuit ni watu. Kwa hiyo tukisema "Wainuit" tumesema "wa-watu", na kabla hujacheka, kumbuka kwamba tunasema pia "Wabantu" na hali watu walishakuwamo ndani ya ba-ntu tangu zamani. Ni tabia yetu kumvalisha mtu kanzu juu ya kanzu. Afadhali hivyo kuliko "Waeskimo" tuliyokaririshwa kwenye jiografia shule ya msingi, jina walilobandikwa na wengine, na ambalo wengi wao hapa Kanada wanalihesabu kuwa tusi.

Sasa, inuksuk hufasiriwa kuwa kitu kinachofanya kazi ya mtu, kinachoshika nafasi yake. Niliposoma hivyo nilimkumbuka marehemu baba. Baba alikuwa kaimu mwalimu mkuu kwa miaka sita. Alipiga kengele, alipokea wakaguzi, alisuluhisha wazazi waliogombana kwa ajili ya mbuzi, alihesabu madawati kila muhula. Barua ya kumthibitisha haikuja mpaka anastaafu. Kazi yote ilikuwa yake, cheo ndicho hakikuwa chake, na posho nayo ikafuata cheo. Kiswahili kina neno safi kwa hali hiyo, na sijui kwa nini sikulifikiria mapema: inuksuk ni kaimu wa mtu. Hana sura ya mtu wala haihitaji. Ana majukumu.

Hapo ndipo picha yangu ilipoingia dosari. Maana yule wangu mwenye kichwa na mikono ana jina jingine kabisa, inunnguaq, yaani mfano wa mtu, kitu kilichofananishwa na mtu. Mzizi ni ule ule, lakini tofauti yao ni kama ya kaimu mkuu anayehangaika uani na picha ya mkuu iliyotundikwa ukutani. Nilikuwa nimejenga picha ya ukutani.

(Nilihangaika pia na ngeli. Sanamu tunasema "hii", kinyago tunasema "hiki". Nimeamua kuandika "inuksuk huyu" na "inuksuit hawa". Binti yangu alisema "huyu" bila kufundishwa na mtu, na kaimu hata siku moja haitwi "hiki".)

Inuksuk wa kawaida unaweza kumpita usimtambue. Anaweza kuwa jiwe moja tu lililosimamishwa wima mahali ambapo mawe hayasimami yenyewe. Huyo ana jina lake, nalunaikkutaq, ambalo huelezwa kuwa kitu cha kumwondolea mtu mkanganyiko, na nikiri kwamba nimelipenda jina hilo kuliko yote. Anaweza kuwa mawe matatu yamebebana, au nguzo iliyomzidi mtu kimo, au fremu yenye tundu kama dirisha ambamo ukichungulia ndipo unapoona uelekeo. Hakuna saruji wala udongo. Mawe yanashikana kwa uzito wake na kwa jicho la aliyeyapanga, na mengine yamesimama hivyo karne nyingi, yameota ule ukoga mkavu wa mawe unaotambaa polepole kuliko umri wa mtu.

Ili uelewe kwa nini mtu alikabidhi jiwe kazi yake, itazame nchi yenyewe. Nunavut, jimbo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, lina ukubwa wa kama kilomita za mraba milioni 2, mara mbili ya Tanzania na zaidi. Sensa ya 2021 iliwahesabu watu 36,858. Waite wote Dar es Salaam na bado hawaujazi Uwanja wa Benjamin Mkapa. Miti karibu hakuna, maana sehemu kubwa ya jimbo iko juu ya mpaka ambapo miti inakoma kuota. Theluji ikishatanda, ardhi na mbingu vinavaa rangi moja, na kilima ulichokitegemea jana leo hukioni.

Utasema, si watumie dira. Ncha ya sumaku ya kaskazini, pale James Clark Ross alipoifikia mwaka 1831, ilikuwa Rasi ya Boothia, katikati ya nchi ya Wainuit wenyewe. Imeshahama tangu hapo, lakini kanuni haihami: kadiri unavyoikaribia ncha hiyo ndivyo sindano inavyotaka kuchungulia chini ardhini badala ya kukuonyesha upande. Basi nyota ya kaskazini, ile ambayo mabaharia wetu wa zamani waliiita Jaa? Ukiwa Lamu huioni, imezama chini ya upeo. Jahazi likipanda na kusi kuelekea Maskati, inachomoza baharini na kuinuka kidogo kidogo, na nahodha anajua kwa urefu wake amefika wapi. Sasa endelea nayo mpaka Igloolik, kijiji cha Nunavut kwenye nyuzi 69 kaskazini. Iko karibu na utosi. Nyota iliyo utosini haikuambii uende wapi, inakuambia tu uinue shingo. Na kiangazi, jua lisipotua, hata hiyo huioni.

Wawindaji wa Igloolik walisoma theluji. Upepo mmoja mkuu wa huko, uangnaq, unaovuma kutoka upande wa magharibi na kaskazini, huichonga theluji ngumu matuta yenye umbo la ulimi, na ncha za ndimi hizo zote huelekea upande mmoja. Ukijua pembe ya kuzikatiza, unaweza kusafiri hata kukiwa na ukungu. Inuksuk anakuja juu ya elimu hiyo kubwa, si badala yake. Mara nyingi amewekwa kwenye mgongo wa kilima, pale ambapo kivuli chake kinaonekana dhidi ya mbingu.

Na anasema nini? Anasema nyama imefukiwa hapa chini ya mawe, usije ukaipoteza theluji ikipanda. Anasema ziwa hili lina samaki. Anasema mto vukia hapa. Anasema huko mbele barafu haiaminiki. Lakini asikudanganye mtu kwamba kuna jedwali la kutafsiri, jiwe refu maana yake hivi, jiwe fupi maana yake vile. Kijana alifundishwa na wakubwa zake huyu wa kilima hiki na yule wa mdomo wa ghuba ile, mmoja mmoja, umbo lake, mahali pake na sababu ya kuwekwa kwake. Mgeni aliyepita hapo aliona mawe tu. Mimi ningeona pa kupigia picha.

Kuna kazi moja ya inuksuit ambayo niliielewa bila kufundishwa, maana niliifanya.

Nimekulia bonde la Kilombero, na mpunga ulipoanza kutunga maziwa sisi watoto tulipelekwa shamba kuamia ndege. Unapanda dunguni alfajiri kabla kwelea kwelea hawajaamka. Una kombeo, una debe la kupiga, na unapiga kelele mpaka koo linakauka. Tatizo la shamba ni kwamba lina pande nne na wewe uko mmoja. Kwa hiyo pande nyingine tulimsimamisha Mzee Matambara: fito mbili zilizofungwa msalaba, shati la baba lililochanika, kofia kuukuu ya ukindu. Hatukuhangaika afanane na mtu. Tulihangaika shati lipepee, kwa sababu ndege haogopi sura, anaogopa kitu kinachocheza. "Leo Mzee Matambara ana zamu upande wa mto," ndivyo tulivyosema, na hakuna aliyeona ni mzaha. Upande wa mto ukiliwa, lawama zilikuwa zetu na zake pia, maana tulimvua shati na kumfunga upya.

Wainuit walikuwa na mnyama wa kutishwa hivyo hivyo, ila wao walitaka aelekee mahali, si atoroke. Kwa Inuktitut anaitwa tuktu, wa jamii ya kulungu, mwenye pembe za matawi. Wazungu humwita caribou, jina ambalo masikioni mwa Mswahili ni sawa na kumwambia nyama mwenyewe apite ndani. Makundi ya tuktu huhama kila mwaka, na kabla ya baridi kali kuanza ngozi zao ndizo bora kwa kushonea nguo. Wakati huo wawindaji walitengeneza mistari miwili ya inuksuit, inayoanza mbali ikiwa imeachana sana, ikasogeleana kadiri inavyokaribia maji au mashimo ya kuvizia, mfano wa wando wa wavuvi wa pwani. Juu ya mawe waliweka mabonge ya nyasi na udongo, au kitu cha kupepea. Kundi likitazama kutoka mbali linaona watu wamejipanga. Nyuma, wanawake na watoto walilia kama mbwa mwitu ili kuliswaga. Tuktu wakakwepa kaimu huyu na kaimu yule mpaka wakaingia mtoni, na mtoni kuna wanaume ndani ya kayaki, mitumbwi myembamba ya ngozi, mikuki mkononi.

Fikiria hesabu yake. Nchi hiyo haikuweza kulisha kijiji cha watu wengi mahali pamoja, lakini windo lenyewe lilihitaji watu wengi mahali pamoja. Familia chache zikamaliza kazi ya umati, na waliozidi walikuwa mawe. Mawe hayo hayali, hayahitaji viatu, na mwaka kesho unayakuta zamu. Kandokando ya mto Kazan, ambao wenyeji huuita Harvaqtuuq, kuna mahali pa kuvukia tuktu wa vuli ambapo mwaka 1995 paliingizwa kwenye orodha ya maeneo ya kihistoria ya Kanada, na inuksuit wake wamo katika yale yaliyopafanya pastahili.

Wako pia wasioelekeza popote wala kutisha mnyama. Wamesimama mahali pa heshima, pengine pa hofu, na mtu hasogei ovyo. Kwenye rasi ya Foxe, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Baffin, kuna ncha ya nchi yenye inuksuit zaidi ya 100 pamoja, wa kila umbo. Serikali ya Kanada iliitangaza eneo la kihistoria mwaka 1969. Nimekaa na picha za mahali hapo usiku mzima. Ni mkutano. Sina neno jingine. Na wazee wa Kiinuit hukataza kumbomoa inuksuk. Yule aliyemweka huenda hayupo tena, lakini neno lake bado liko njiani linamsubiri mtu.

Sasa huyu wa fulana alitoka wapi? Mwaka 1986 jiji la Vancouver liliandaa maonyesho ya dunia, na kwa ajili ya banda la Northwest Territories, jimbo la kaskazini ambalo Nunavut ilikuwa bado ndani yake, msanii Alvin Kanak, Inuk wa Rankin Inlet, alijenga mtu mkubwa wa mawe, na mikono yake na kichwa chake. Baadaye jiji likapewa, akahamishiwa ufukweni English Bay, na yuko hapo mpaka leo, watu wanapiga naye picha jua likitua. Mwaka 2005 Vancouver ikazindua nembo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010, na nembo ilikuwa yeye, sasa amepakwa rangi na anacheka. Wakampa jina Ilanaaq, yaani rafiki. Kuanzia hapo dunia nzima ikamjua.

Piita Irniq, aliyekuwa Kamishna wa Nunavut kati ya 2000 na 2005, hakucheka. Alisema wazi kwamba inuksuit hawajengwi na kichwa, miguu na mikono. Vyenye hivyo ni inunnguat. Wainuit wengine walifurahi, kwamba hatimaye kitu chao kimewekwa mbele ya macho ya dunia. Nami siwezi kumpuuza Kanak, ambaye ni mwenyeji, na aliijenga kazi yake kwa mikono yake, kwa mwaliko. Msanii ana haki ya kufananisha. Kinachonikera ni hatua iliyofuata, pale kila mtu mwenye mikono miwili na mawe sita alipojiona ameruhusiwa. Nasema hivyo nikijua nilikotoka: mapiko ya Wamakonde, vinyago vya ngoma za jando vyenye miiko yake, leo utavikuta vimetundikwa sebuleni kwa mtu asiyejua hata vilivaliwa uso upi juu. Na nani alimuuzia? Sisi.

Bendera ya Nunavut ni habari nyingine. Jimbo lilipozaliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, waliweka katikati inuksuk mwekundu, na juu kulia nyota ya buluu, ile ile nyota ya kaskazini, ambayo kwao inaitwa Niqirtsuituq. Hapo kaimu kakaa ofisini kwake, kawekwa na wenyewe.

Lakini huku kusini, mwaka 2007, wahifadhi wa Killarney, hifadhi iliyoko kwenye hiyo hiyo Georgian Bay, walilazimika kuwaomba wageni waache kujenga inuksuit kwenye njia za kutembelea kwa miguu. Si kwa ajili ya utamaduni tu. Njia za msituni huku nazo huwekewa alama, nyingine ni marundo madogo ya mawe, na watembeaji walianza kufuata mapambo ya watu wengine. Ulisimamisha jiwe kwa sababu mandhari ilikuwa nzuri. Mwenzako jioni, mvua inanyesha, ana watoto, anafika hapo, anaona jiwe limesimama, anakata kona. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Kumbe wangu alikuwa anasema kitu. Alikuwa anasema "pita huku", na huku hakukuwa na kitu.

Kiangazi kilichofuata tulirudi. Nilitarajia barafu ya miezi mitano imeshamwangusha, nami ninusurike. Alikuwepo, kichwa tu ndicho kimedondoka, na sasa ana wenzake. Tulihesabu kumi na mmoja, wakubwa kwa wadogo, mmoja amevalishwa miwani ya jua.

Nilisita. Kumbomoa inuksuk ni mwiko, nimeshakuambia. Huyu si inuksuk, nikajijibu. Lakini nilipomshika begani mkono ulikuwa mzito, nikampigia shangazi. Ifakara ilikuwa usiku. Nikamweleza yote, Wainuit, tuktu, Mzee Matambara, akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wewe ndiye uliyemsimamisha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mlaze mwenyewe. Wale wengine waache, wana wenyewe."

Binti yangu akaweka sharti: kila jiwe lirudi lilikotoka. Tukaanza na mikono. Jiwe la mkono wa kulia lilitoka kwenye ufa wa mwamba, na ufa bado ulikuwa na umbo lake, likaingia kama mguu kwenye kiatu. La kifua tuliliburuta mpaka ukingoni mwa maji. Chini ya mguu wa kushoto tulikuta buibui na mayai yake, tukalazimika kuuacha mguu huo kama ulivyo, jiwe moja limelala, halielekezi popote.

Kichwa ndicho kilinishinda. Nilizunguka ufuo mzima nikiwa nimekikumbatia, binti yangu nyuma yangu anauliza hapa, baba? hapa? Sikukumbuka nilikitoa wapi.